Kifuniko cha Kisima cha Akiba

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo pale pale, maana nchi haifi kwa kiu. Wanaokufa ni watu wake. Jina lake Ukavuni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwani ramani zote zilirudishwa wizarani zikafutwe mito.

Mvua ilipogoma kunyesha, Serikali ya Ukavuni haikukaa mikono kifuani. Kwanza iliufuta ukame. Iliufuta asubuhi moja kwa tangazo la redio, na kuanzia hapo hali ile ikaitwa "jua la kudumu". Mtabiri wa hali ya hewa, aliyezoea kusema kila jioni kwamba kesho hakuna mvua, akaonekana ndiye chanzo cha matatizo. Akahamishiwa Idara ya Misitu, na kwa kuwa misitu haikuwepo, naye hakuonekana tena. Kisha Baraza la Lugha likaagizwa kuzipitia methali. "Maji yamezidi unga" ilipigwa marufuku kwa kuwa ni uzushi. Mfanyabiashara mmoja aliyelalamika sokoni kwamba maji yamemfika shingoni alikamatwa, akawekwa ndani mpaka aonyeshe hayo maji ameyaficha wapi.

Baada ya kuisafisha lugha, Serikali ikaingia kwenye visima. Ikapitishwa Sheria ya Kuyapumzisha Maji. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mtajika, alieleza kwa uchungu jinsi maji ya ardhini yalivyochotwa miaka nenda miaka rudi bila kupewa likizo hata siku moja. Basi visima vyote vya mji wa Kiungulia vikafukiwa, isipokuwa kimoja, kile kirefu kuliko vyote, kilichochimbwa na Mzee Ngwali na wenzake enzi za ujana wao. Hicho hakikufukiwa. Kilifunikwa kwa kifuniko cha chuma, kikamwagiwa zege pembeni, kikasimikiwa bendera, na askari akawekwa kukilinda. Kikaitwa Kisima cha Akiba ya Taifa.

Na msifikiri watu walichukia. Watu walikipenda kile kisima kuliko walivyokipenda kilipokuwa wazi. Mtu akikaukiwa koo alikuwa akiangalia upande wa ile bendera, anameza mate, kama anayo ya kumeza, anasema, "Alhamdulillahi, akiba tunayo." Wazazi waliwapeleka watoto wakakisalimie. Bi Mize, jirani yake Mzee Ngwali, alikuwa hapiti pale bila kuvua viatu.

*

Mke wa Mzee Ngwali aliitwa Bi Sikitu, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti. Ni kazi ya heshima, ingawa mwenye kazi hiyo haalikwi sana kwenye harusi. Zamani alikuwa akiosha kwa ndoo. Yalipokuja Mabomba Erevu ndoo ikawa birika, na birika likawa kikombe. Bi Sikitu hakulalamika. Alijifunza kuyatembeza matone mwilini mwa marehemu kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asiyetaka kulala, na watu wakawa wanasema ukioshwa na Bi Sikitu unaondoka umeoga.

Hilo Bomba Erevu lilikuwa fahari ya taifa. Kila nyumba ililazimishwa kuwa nalo. Lilikuwa na jicho la kioo, sikio, na sauti ya binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Mama Sikitu," lilikuwa likisema. "Nikusaidie nini leo?"

"Marahaba. Naomba maji."

"Maji ya nini, Mama?"

"Ya kunywa. Nina kiu."

"Kiu ni hisia, Mama. Tafadhali taja sababu."

Basi watu wa Kiungulia wakajifunza kutunga sababu. Mwenye kiu alisema anataka kumwagilia mti wa kumbukumbu ya Uhuru. Hapo bomba lilitoa mara moja, na mtu akakinga mdomo. Siku Serikali ilipogundua kwamba miti iliyomwagiliwa ilikuwa mingi kuliko watu, na hapakuwa na mti hata mmoja, bomba likafundishwa kutoamini.

Mzee Ngwali ndiye pekee aliyekataa kusema na bomba. "Mimi maji nimeyatoa ardhini kwa mikono yangu," alikuwa akisema, "sasa niyapigie magoti kwenye chuma chenye adabu?" Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, kucha nyeusi ambazo hazikutakata hata uzeeni, na alikuwa na tabia ya kuweka sikio sakafuni kabla ya kulala, kusikiliza. Mkewe alikuwa akimcheka. Naye hujibu kwamba kuna watu husikiliza redio, tena redio ndiyo yenye uongo zaidi.

Kisha figo zake zikaharibika. Daktari wa hospitali ya mji akampima, akamvuta Bi Sikitu pembeni, akaangalia mlangoni, akanong'ona kama mtu anayetaja jina la msaliti:

"Anywe maji. Mengi."

"Nitayatoa wapi, daktari?"

"Mimi nimekwambia ugonjwa, Mama. Usinitie kwenye siasa."

Bi Sikitu akawa anamnywesha sehemu yake. Mzee akigundua hufunga midomo kama mtoto aliyeletewa shubiri. Waligombana hivyo wiki kadhaa, wazee wawili wanabembelezana na kutukanana juu ya kikombe ambacho hakijai. Siku za mwisho Mzee alikuwa hawezi tena kuinama kusikiliza sakafu.

"Sikitu," alisema asubuhi moja. "Umewaosha watu wa mji huu wote."

"Nimewaosha."

"Basi mimi usinizike mkavu. Nakuomba hilo tu. Dunia nimeipitia vumbini, huko niende nimelowa."

"Nitakuosha kwa maji, mume wangu."

"Usiniahidi kama waziri."

"Nakuahidi kama mkeo."

Mzee akacheka kidogo, akapaliwa, akatulia. Jua lilipopanda juu ya paa alikuwa ameshaondoka.

*

Bi Sikitu alilia kwa sauti ya chini, kwa sababu bomba lilikuwa na sikio. Lakini lilisikia.

"Pole sana, Mama Sikitu," likasema. "Serikali inaungana nawe katika msiba huu. Nimemwondoa Mzee Ngwali kwenye mgawo. Kwa kuwa kaya yako sasa ni ndogo, na ndogo haina matumizi makubwa, mgawo wako pia nimeupunguza. Hongera kwa kuchangia uhifadhi."

"Naomba maji ya kumwoshea marehemu."

"Marehemu hana kiu, Mama."

"Ya kumwoshea, nimesema, si ya kumnywesha!"

"Kuosha kumehamishiwa kwenye kundi la urembo. Hata hivyo leo hakuna mgawo mji mzima. Maji yote yako uwanjani kwa uzinduzi. Karibu uwanjani."

Majirani walikuwa wameanza kuingia. Maalimu wa msikiti, mtu mpole aliyechoka, alimwita Bi Sikitu barazani akamwambia, "Bi Sikitu, wewe si mgeni wa mambo haya. Dini ina huruma. Maji yakikosekana, vumbi safi linatosha. Mpake, tumzike kabla ya Alasiri."

Bi Sikitu akajifunga kanga vizuri. "Najua, Maalimu. Dini imeruhusu vumbi maji yakikosekana. Kwanza nijue kama yamekosekana."

Akachukua ndoo na kamba, akatoka.

*

Uwanjani alikuta mji wote umekusanyika juani. Juu ya jukwaa, chini ya turubai, Mheshimiwa Mtajika, Waziri wa Maji, Umande na Matarajio, alikuwa amefika katikati ya hotuba, na hotuba zake zilikuwa na katikati nyingi.

"Ndugu wananchi! Wataalamu wetu wamefanya utafiti mzito, ndani na nje ya nchi, hasa nje. Wamegundua kwamba sehemu kubwa ya kiu haiko kooni. Iko kichwani! Sasa ndugu zangu, kwa nini tuhangaike kupeleka maji kooni, wakati tatizo liko juu zaidi?"

Makofi. Watu wa mbele walipiga makofi kwa sababu walipangwa mbele. Wa nyuma walipiga kwa sababu wa mbele wamepiga.

"Leo nazindua Maji ya Kidijitali. Hayavuji! Hayachafuki! Hayaleti kipindupindu! Kila kaya itapewa kishikwambi. Ukishikwa na kiu unabonyeza, unayaona maji, unayasikia. Mataifa makubwa bado yako nyuma, yanakunywa!"

Akanyamaza, akafungua chupa ya maji iliyotoka ng'ambo, akanywa. Uwanja mzima uliangalia koo lake likipanda na kushuka. Alipoishusha chupa ilikuwa imebaki nusu. Msaidizi wake akaipokea kwa mikono miwili, na kwa sababu za kiusalama akayamwaga yaliyobaki kwenye zulia. Doa likatanda, likapungua, likaisha. Mama mmoja karibu na Bi Sikitu alikuwa amemziba mtoto wake macho.

Bi Sikitu akapenya. Alikuwa amewaosha wazazi wa karibu kila mtu pale, kwa hiyo watu walimpisha, kama wanavyopisha jeneza. Alipofika chini ya jukwaa akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, mume wangu amefariki leo. Naomba ndoo moja ya maji, nimwoshe."

Walinzi wakainuka. Lakini Waziri aliona kamera zimeshageuka, akawazuia kwa kidole, akashuka mwenyewe, akamkumbatia Bi Sikitu. Alinukia sabuni.

"Mume wako nani, Mama?"

"Ngwali. Mchimba visima. Ndiye aliyechimba kile mnachokiita Akiba."

"Shujaa!" Waziri alipiga kelele mbele ya kipaza sauti. "Ndugu wananchi, shujaa wa maji ametutoka! Na mimi nasema hapa mbele yenu, shujaa huyu hataoshwa kama watu wa kale. Atakuwa raia wa kwanza katika historia kuoshwa kwa teknolojia!"

Akaletewa kishikwambi kilichofungwa utepe. Akambonyezea. Picha ya kijito ikatokea, na sauti ya maji yanayoteremka mawe kwa mawe, safi, baridi, mengi, ikasambaa uwanja mzima kupitia vipaza sauti. Watu wakafumba macho. Wapo waliolia.

"Utamwosha huku yanatiririka, Mama," Waziri alimwambia sikioni, kwa upole wa kweli kabisa. "Hata yeye hatajua tofauti."

Bi Sikitu alimtazama. "Yeye ndiye pekee ambaye angejua," akasema. Lakini kamera zilikuwa zimeshahama.

*

Kwenye Kisima cha Akiba palikuwa kimya. Koplo Mbaruku, askari wa zamu, alikuwa amekaa juu ya kifuniko, bunduki mapajani, kivuli cha bendera kikimwangukia nusu ya uso. Alipomwona Bi Sikitu anakuja na ndoo, alisimama. Mama yake aliwahi kuoshwa na mikono ile.

"Shikamoo, Mama. Nimesikia habari. Pole sana."

"Nimeshapoa, mwanangu. Fungua."

"Mama, unajua siwezi."

"Ngwali ameniambia nisimzike mkavu. Kisima hiki alikitolea damu, mwenzake mmoja alifia humo humo ndani. Sitaki kingine, nataka ndoo moja. Hata nusu ndoo. Nifungulie, kisha unipige risasi nikishamaliza kumwosha, sitakimbia."

Mbaruku aliangalia chini. "Mama, rudi nyumbani. Mpake vumbi. Nakuomba kama mwanao."

"Kwani maji yamekosekana?"

Bi Sikitu akaketi juu ya zege, ndoo mapajani, akasema basi yeye hana pa kwenda, jua litatua, maiti itaharibika, na lawama ziwe za wote wawili. Akakaa. Nzi mmoja akaja akatua mkononi mwake, akaondoka. Hatimaye Mbaruku akatoa ufunguo, akageuza kufuli lililopiga kelele kwa kutu, akaegemea kifuniko kwa bega, kikasogea.

Bi Sikitu alifunga kamba kwenye ndoo, akaishusha. Kamba ilikwenda, ikaenda. Alikuwa anangoja ule uzito anaoufahamu, pale maji yanapoipokea ndoo na kuivuta kama mkono wa mtu. Badala yake ndoo ikagonga. Ko! Mwangwi ukapanda taratibu mpaka usoni kwake, pamoja na harufu ya pango.

Akaitikisa kamba. Ko, ko. Akavuta. Ndani ya ndoo palikuwa na vumbi jekundu, laini kama unga wa mtama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Nilikikuta hivyo, Mama. Walishaleta pampu kabla ya zamu yangu. Walikuwa wanajaza chemchemi ya kupambia Wizara, wageni walikuwa wanakuja kwenye mkutano wa maji."

"Kwa hiyo wewe miaka yote hii unalinda nini, mwanangu?"

Mbaruku aliangalia kile chuma. "Kifuniko, Mama."

Akalia. Alilia bila machozi, mabega tu yakipanda na kushuka. "Usiwaambie," akasema. "Hiki ndicho kinachowafanya waamke asubuhi. Ukiwaambia wataondoka, na huko nje hakuna pa kwenda. Nimeona mimi, nilishatumwa mpakani. Hakuna."

Bi Sikitu alimshika bega, akamwacha. Ndoo ya vumbi akaibeba kichwani, akairudisha nyumbani taratibu kama mtu anayechelea isimwagike.

*

Alimwosha mumewe mchana ule, akiwa peke yake chumbani. Alipiga viganja kwenye vumbi lililotoka chini ya kisima cha Ngwali mwenyewe, akampaka uso, akampaka mikono. Kazi ambayo kwa maji humchukua muda mrefu iliisha kabla hajaanza kulia. Akabaki ameketi pembeni, hajui afanye nini na mikono yake.

Kishikwambi cha Waziri, alichokuja nacho kutoka uwanjani na kukitupa juu ya kabati, kikawaka chenyewe. Kijito kikaanza kuteremka mawe kwa mawe. Nje, wanaume waliokuwa wamekaa barazani wakanyamaza. Wakasikiliza.

"Mnasikia?" mmoja alisema. "Maji!"

"Mengi hayo. Amepata wapi?"

"Ametoka Akiba. Nilimwona na ndoo kichwani."

Minong'ono ikapanda, nusu furaha, nusu husuda. Bi Sikitu alipofungua mlango alikuta nyuso zote zimemgeukia, na Bi Mize yuko mbele, bakuli mkononi, akitumaini kuna yaliyobaki.

"Nimempaka vumbi," Bi Sikitu alisema. "Hiyo ni sauti tu. Kisima ni kikavu, jamani. Nimeshusha ndoo kwa mikono yangu, imegonga ardhi. Hakuna akiba. Waliichota zamani."

Maalimu aliinamisha kichwa. Kisha Bi Mize akaliweka bakuli chini, akasema kwa ukali ambao hakuuzoea, "Huo ni uchungu unaosema, Sikitu. Mtu akifiwa husema mengi. Lakini usitutukanie kisima chetu."

"Mize, mimi nimekiona!"

"Umeona kwa macho yenye machozi. Sote tumeshafiwa hapa, mbona hatukusema maneno kama hayo?"

Wengine wakaitikia. Wakambeba Ngwali, wakamzika kwenye ardhi iliyokuwa ngumu kiasi cha kuvunja jembe, na njiani kurudi kila mtu alitembea mbali kidogo na mjane.

Serikali haikumkamata. Serikali ya Ukavuni haikuwa katili. Ilitoa taarifa fupi ya kumwombea apone haraka, ikamhamisha Koplo Mbaruku, na kwenye kisima ikaongeza kikosi kizima chenye mbwa, uzio wa waya na taa kubwa. Kifuniko cha pili kikawekwa juu ya kile cha kwanza. Mji mzima ulikwenda kutazama. Watu walikuwa wakisukumana kwenye uzio, wanacheka, wanamnyooshea Bi Sikitu kidole kwa mbali.

"Kingekuwa kikavu," walikuwa wakimwambia kwa huruma, "wangelinda nini?"

Naye kwa muda aliendelea kuwajibu. Sokoni, msibani, kwenye foleni, aliendelea kusema alichokiona, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuwa na hakika. Kisha akachoka. Vifo viliongezeka, kazi ilikuwa nyingi, na mikono yake ikawa myekundu kwa vumbi.

Msimu uliofuata alikuja kuitwa kwa Bi Mize. Haikuwa kumwosha, bado. Alimkuta amelala kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho yamekuwa makubwa. Bi Mize akawafukuza wanawe chumbani, akamshika mkono.

"Shoga," alisema, na sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Mimi na wewe tumezeeka pamoja. Niambie sasa, hakuna anayesikia. Kile kisima, kweli ni kikavu?"

Bi Sikitu alimtazama. Dirishani bendera ilikuwa inaonekana, na mbwa walikuwa wanabweka kwenye uzio.

"Kimejaa, dada," akasema. "Kimejaa hadi mdomoni. Baridi. Nilitumbukiza mkono nikautoa umekufa ganzi."

"Nilijua," Bi Mize akasema.

Akafumba macho, akalamba midomo.